Kisogo cha Mchora Mabango

Kwa miaka thelathini na nne mchora mabango, ambaye mji mzima ulimwita Mzee Brashi, alimficha mkewe jambo moja: kwamba yeye ndiye aliyesababisha aitwe Bibi Baridi.

Ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu. Mwenye baa alitaka juu ya mlango paandikwe BIA BARIDI. Mchoraji akapanda ngazi, akaandika BI, kisha akaitwa kaunta aonje Nyundo, bia ya kiwanda cha mji, ambayo wateja waliiagiza ya moto ili iwahi kupita kooni. Akaionja mara tatu. Aliporudi ngazini alikumbuka vizuri kwamba neno linaanza na BI, akaandika BI tena, akamalizia BARIDI. Mwenye baa hakutaka lifutwe. Watu walikuwa wameshaanza kuingia kumuulizia huyo bibi.

Wiki iliyofuata akaajiriwa mhudumu wa miaka ishirini na miwili, asiyecheka ovyo na wateja. Wakasema basi, ndiye huyu. Jina likamganda. Naye akaapa mbele ya baa nzima kwamba akimpata aliyeandika ukuta ule, atamnywesha kopo la rangi. Mzee Brashi, wakati huo kijana, alikuwa meza ya pili akitafuta namna ya kumposa. Akasema yeye huandika mabango ya zahanati tu.

Wakaoana. Baa ikavunjwa, kiwanda kikafungwa, roho yake ikatulia. Ndipo mkutubi wa mji alipoandaa maonyesho ya picha za baa za zamani, na mkewe akawa wa kwanza kuvaa viatu.

Ukumbini wazee walikuwa wamechangamka kama waliokunywa. Mmoja aliikumbuka baa ya Kaa Kidogo, ambako hakuna mtu aliyewahi kukaa kidogo. Mwingine aliisikitikia Usiulize, baa iliyookoa ndoa nyingi, maana mume akiulizwa alikuwa wapi, alijibu ukweli mtupu.

Mzee Brashi hakuwasikia. Alikuwa ameiona picha ya kumi na moja: ukuta, herufi mbichi, na mtu aliye juu ya ngazi, brashi mkononi, amempa mgongo mpiga picha. Akaenda kusimama mbele yake, mikono kifuani. Alisimama hapo saa nzima. Mkutubi alimuuliza kama anaumwa. Akasema hewa ya hapo ni nzuri. Wageni wawili walimdhania mlinzi wakamuuliza choo kiko wapi, akawaelekeza kwa adabu.

Hatimaye mkewe akafika.

"Baba watoto, sogea nione."

"Hapa hamna kitu, mama. Ukuta tu."

"Nimekuja kuona kuta."

Mzee Brashi akageuka kuangalia kama picha inaonyesha sana, na hapo ndipo alipoharibu. Mkewe sasa alikuwa na visogo viwili mbele yake: mkunjo uleule shingoni, masikio yaleyale yaliyosimama kama mishikio ya sufuria. Alitazama kimoja, akatazama cha pili, bila haraka, kama karani anayelinganisha sahihi.

"Zahanati," akasema.

"Na shule moja."

"Ulikuwa unataka kuandika nini pale?"

"Bia."

"Herufi tatu, mume wangu. Tatu."

Wazee walijitia kuangalia picha nyingine. Rangi hakumnywesha. Alimwambia tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba hatakanyaga jikoni mpaka hasira zimwishe, na kama kuna mtu ana njaa, moto anajua unavyowashwa.

Siku za kwanza Mzee Brashi aliunguza hata maji. Wiki ya tatu, akiwa uani, alimsikia mkewe akimwambia jirani kwamba hasira zilikwisha zamani, ila maharage ya mzee yameanza kuiva vizuri, kwa hiyo bado amenuna kidogo. Akajifanya hakusikia, akaendelea kuchambua mawe kwenye maharage.