Hitma ya Sheha na Kuni za Mkoko

Habari ya kifo cha sheha mmoja wa kaskazini mwa Pemba, upande wa Shumba, ilinifikia Ijumaa asubuhi nikiwa mjini Chake. Shemeji yake, yaani kaka wa mkewe, alinipigia simu akaniambia mzee amefariki alfajiri na atazikwa baada ya sala. Wengi wenu hamkumjua, na jina lake sitalitaja, kwa sababu nitakayoyasema hapa yanatuhusu sisi tuliomzika kuliko yeye aliyezikwa. Sikuwa rafiki yake wa kula naye sahani moja. Tulijuana kwa kazi, yeye sheha na mimi mwandishi, na sheha, kwa msomaji aliye mbali na visiwa vyetu, ndiye serikali ya mwisho kabla ya mlango wa mtu. Alikuwa na sauti kubwa, alisinzia kwenye mikutano, na alipenda kupigwa picha kuliko bwana harusi. Lakini yeye na wanakijiji wake walijenga tuta la udongo kati ya bahari na bonde lao la mpunga, wakapanda mikoko mbele yake, na kwa miaka mingi maji ya chumvi hayakuvuka. Mtu akikata hata kijiti kwenye mikoko ile alikuwa hana amani naye.

Nilimfahamu kwenye warsha iliyoitishwa kulinganisha sera za nishati na tabianchi za ngazi zote za serikali. Walikuja wa Muungano wakatueleza habari ya gesi na majiko bora. Wakaja wa Serikali ya Mapinduzi wakatueleza umeme wa jua na upepo, ili tusitegemee waya mmoja unaopita chini ya bahari kutoka Tanga. Mkoa ukasema utaratibu. Wilaya ikasema mikoko isikatwe, ila haikusema mtu apikie nini. Kila mmoja alikuwa na picha zake ukutani na kila mmoja alipigiwa makofi. Nilidhani mzee amelala. Kumbe alikuwa amefumba macho tu, na ulipofika wakati wa maswali akanyanyua mkono. "Mie nna suali dogo," akasema. "Hizi sera zenu zishawahi kukutana, au zaonana leo hapa kwa mara ya kwanza?" Ukumbi ulicheka. Mwenyekiti akamshukuru kwa mchango mzuri, akaahidi kuufikisha kunakohusika, na tukaenda kula.

Msidhani yeye mwenyewe alikuwa na jawabu. Alipomuoza binti yake aliapa kwamba chini ya masufuria ya harusi hautaingia mkoko. Wapishi wa pilau wa kwetu wanajua hakuna kuni kama hizo, zinashika moto na hazizimi, kwa hiyo walimtazama kama mtu aliyepatwa na homa. Alileta mtungi wa gesi, gesi ikaisha mchele haujachemka. Akaleta makumbi na vifuu vya nazi, yakatoka moshi mwingi kuliko moto. Wageni waliotarajia kula baada ya Adhuhuri walikula baada ya Alasiri, bwana harusi na watu wake wakiwa wameshajiliwaza kwa biskuti. Pale pale likazaliwa jina, pilau la sera, na likasambaa mpaka Wete. Mzee alicheka na waliomcheka, akiwauliza kama sera imekolea chumvi. Watoto wake hawakucheka. Walikaa nalo moyoni kama watu waliovuliwa nguo hadharani.

Alipozidiwa na maradhi alimwachia mkewe wasia mmoja wa wazi: chakula cha hitma yake, kisomo cha kumrehemu, kipikwe kwa gesi, kwa makuti, kwa chochote, lakini si kwa mkoko. Mzee alipofariki, bi mkubwa, akiwa yumo ndani edani na hawezi kutoka, alimwambia kaka yake. Kaka akawaambia watoto wa marehemu. Watoto wakaiambia kamati ya maziko. Kamati ikamwambia ofisa wa wilaya aliyekuja kuzika, naye akasema ipo mitungi mikubwa na majiko ya mikusanyiko, atawaambia mkoani. Shemeji mtu hakuridhika. Tulipotoka makaburini alinishika mkono akaniambia nimkumbushe yule ofisa, kwa kuwa mwandishi akisema watu husikia. Nikamfuata ofisa kwenye gari yake, nikamkumbusha, akanijibu ujumbe umemfika. Nilirudi Chake moyo mweupe, nikijiona nimetimiza.

Siku ya hitma hakukuwa na mtungi wala jiko. Ofisa aliambiwa mkoani kwamba jambo lile lina utaratibu wake, na yeye akaona ameshafikisha. Watoto wa marehemu nao waliogopa. Viongozi walikuwa njiani, na wao waliona bora wafe kuliko pilau la sera liwe mara ya pili, tena msibani. Wakachukua gari la ng'ombe wakaenda kwenye mikoko ya baba yao. Gari halikuweza kupanda tuta, wakalikata tuta upana wa gurudumu hadi gurudumu ili wapite na mzigo. Nilipofika nilikuta magogo yanawaka chini ya masufuria, na wekundu wa mkoko haumpotezi mtu aliyekulia Pemba. Kila mtu aliuona. Ofisa wa wilaya aliuona, akakaa upande ambao moshi hauendi. Chakula kilitoka kwa wakati wake, cha moto, punje haikushikana na punje, na tulikisifu. Mimi nilikula, nikaongeza. Sahani iliyopelekwa ndani kwa mjane ilirudi kama ilivyokwenda.

Bamvua lililofuata, yale maji makubwa ya mwezi, lilipita pale pale palipokatwa. Kwa siku chache mpunga wa bonde lile ukageuka manjano, na konde la kwanza kuingiwa na chumvi lilikuwa la mjane, ambaye alilitegemea kwa chakula cha mwaka mzima. Wenyewe husema mgeni njoo mwenyeji apone. Safari ile wageni tulikuja, tukashiba, na mwenyeji ndiye aliyekosa mpunga. Hapo ngazi zote zikakutana kweli, tena kwa mara moja, kwenye tope: wa wilaya, wa mkoa, wa Unguja na mtaalamu wa Muungano. Wakapiga picha, wakaandika kwamba ni athari za mabadiliko ya tabianchi. Kisha nikapigiwa simu niandike makala ya mjane wa Pemba anayeteswa na bahari inayopanda.

Nilikwenda kwake. Nilikaa mlangoni na shemeji, naye akazungumza nyuma ya pazia. Nilimtolea rambirambi kwa mara ya pili, nikamweleza nilichotumwa. Akasema taratibu, bila hasira, na afadhali angalikasirika: "Andika, mwanangu. Lakini bahari haina shoka."

Nimeona aibu nyingi katika kazi hii, ila nyingi zilikuwa za watu wengine. Hii ni yangu pamoja na wenzangu wote tuliokaa kwenye mkeka ule. Bahari inapanda, hilo ni kweli, na wanaoipandisha zaidi wako mbali na hawajui Shumba iko wapi. Lakini pengo la tuta lina watu wake. Kwa miaka nimewaandikia hapa kwamba sera za juu hazifiki chini. Sasa nimeona namna zisivyofika, maana nilikuwa kwenye mstari wenyewe na zamu yangu niliipata. Kila ngazi huona haya mbele ya ngazi iliyo juu yake, ndiyo maana ripoti hazichelewi na mapokezi hayakosi pilau. Haya ya kumtazama aliye chini hatuna. Mwanamke aliye edani aliomba jambo moja kwa ajili ya mumewe, na sote tulilipokea kwa heshima tukampa wa pembeni. Hakuna aliyekataa. Laiti mmoja wetu angalikataa waziwazi, mjane angalitafuta mtu mwengine wa kumtegemea. Mtungi wa gesi Chake upo, ningeweza kuupakia kwenye gari niliyokwenda nayo kula. Ndugu zangu, ukiaminiwa jambo na mtu asiye na uwezo wa kutoka nje, usiseme umelifikisha. Libebe mwenyewe, au mwambie kweli kwamba huliwezi.