Siku Walipokuja Kumtafuta Gildo

Ercilia alikulia katika nyumba ambayo gita halikutajwa mezani. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa la walokole pale kijijini Loma Prieta, na kwa walokole wa enzi hizo bachata, nyimbo za mapenzi za gita, ulikuwa muziki wa vilabuni na wa nyumba za malaya. Redio ya jirani ikiupiga, dirisha linafungwa. Kwa hiyo alipotangaza kwamba anaolewa na Leovigildo, mvuna kakao ambaye kila Jumamosi alipiga gita kwenye baa ya njia panda, mama yake alilia siku ya harusi kama mtu aliyefiwa.

Gildo, kama wote walivyomwita, hakuwa mlevi wala mhuni. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye vidole virefu na mazoea ya kucheka kabla hajamaliza kusema. Wiki nzima yuko shambani na panga lake. Jumamosi anaoga, anavaa shati jeupe, anabeba gita lake na kwenda. Ercilia aliolewa akiwa na imani kwamba mambo hayo yataisha yenyewe. Hayakuisha. Kanisani wanawake walimwuliza habari za mumewe kwa sauti ya kumhurumia, na huruma ile ilimchoma kuliko matusi.

Alikuwa na mimba ya mtoto wao wa kwanza Gildo aliporudi Jumamosi moja, uso unang'aa.

"Leo baani alikuwepo mtu wa mji mkuu," alimwambia. "Nolasco, mtengeneza santuri. Amesema atakuja hapa nyumbani tuzungumze. Anataka nipige solo."

"Solo ndiyo nini?"

"Ndiyo ile inayoimba wakati mwimbaji amenyamaza."

Ercilia alizima taa. Alilala akiwa ameupa ukuta uso, akifikiria mji mkuu na wanawake wake, na mtoto atakayezaliwa akiwa na baba wa kwenye santuri.

Mtu yule alikuja kweli. Ilikuwa asubuhi, Gildo yuko mlimani kwenye kakao. Gari dogo la buluu lilisimama getini, akashuka mwanamume mwenye viatu vya kung'aa, akawa anatafuta pa kukanyaga katikati ya tope.

"Hodi, Doña. Hapa ndipo kwa Gildo, mpiga gita?"

"Unamtakia nini?"

"Kazi. Tangu nimsikie Jumamosi siwezi kusikiliza mtu mwingine. Yupo?"

Ercilia alikuwa ameshika ufagio. Aliendelea kufagia mahali palepale alipokwisha kufagia.

"Gildo hapigi tena," alisema. "Ameokoka."

"Ameokoka? Mama, juzi tu nilikuwa naye."

"Ameokoka jana. Kanisani."

Nolasco alicheka, akidhani ni mzaha, kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka. Alivua kofia. Alisema anamheshimu Mungu na mambo yake, lakini Gildo apelekewe salamu, na kwamba atapita tena akirudi kutoka pwani, huenda mtu akabadili mawazo. Akapita tena kweli. Safari hii Ercilia hakufungua hata geti. Alimpungia mkono wa kumkatalia akiwa mlangoni, na gari likageuza.

Siku zile Gildo alikuwa anarudi mapema kutoka shambani. Ananawa mikono hadi viwiko, anakaa barazani, anauliza kama vile hajali, "Hakuna mtu aliyekuja?"

"Hakuna," Ercilia alijibu.

Aliuliza hivyo mpaka mvua zikaanza. Halafu akawa haulizi. Siku moja alisema, akicheka kabla hajamaliza, "Watu wa mjini hao. Alinisikia akiwa na ramu kichwani, alipoamka akasikia vizuri." Baada ya mtoto kuzaliwa, Jumamosi zake zikapungua, moja leo, moja kesho, hadi baa ikampata mpiga gita mwingine. Gita akalitia ndani ya gunia la kakao, akalipandisha juu ya dari. Hakuna aliyemlazimisha. Ercilia alipata alichokitaka, na kanisani wanawake wakaacha kumhurumia.

Alidhani ukimya utamfurahisha. Lakini ulikuwa ukimya wa mtu anayekaa kiti cha pembeni katika nyumba yake mwenyewe. Miaka ikaenda, bachata nayo ikatoka vilabuni. Ikaingia kwenye harusi, kwenye televisheni, hata watoto wa mchungaji wakawa wanaicheza. Katika harusi ya binti yao Yanelis waliletwa wapigaji kutoka mjini. Gildo alisimama karibu na spika, kichwa ameinamisha. "Huyu wa solo anakosea pale anapopanda," alisema polepole, na hakusema zaidi. Ercilia alirudisha kipande chake cha keki kwenye sahani.

Mara nyingi alitaka kumwambia. Akiwa anamkunia muhogo, akiwa anamkata nywele. Kila mwaka uliopita ulifanya jambo lile kuwa gumu zaidi kulisema, kwa sababu sasa alikuwa na uwongo wa kwanza na pia miaka yote ya kuunyamazia. Katika maombi alilitaja kwa kuzungukazunguka, kama mtu anayemweleza daktari ugonjwa wa jirani.

Kisha Gildo akapigwa na kiharusi akiwa anaanika kakao. Upande wa kushoto ukalala: mguu, mkono, kona ya mdomo. Hospitalini walimrudisha nyumbani baada ya kufanya walichoweza. Aliweza kusema, kwa ulimi mzito, ila hakutaka kusema. "Maji." "Joto." "Acha." Siku nzima amelala karibu na dirisha, mkono wa kushoto juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa hapo.

Paa lilikuwa linavuja, na Ercilia alipopanda darini kuweka beseni aliliona lile gunia. Alilishusha ili lisiloe zaidi. Gita lilikuwa na vumbi, nyuzi mbili zimekatika, nyingine zina kutu. Alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda, akaanza kulipangusa kwa kitambaa cha jikoni, na kidole gumba kikagusa uzi.

Sauti ilitoka. Haikuwa nzuri, lakini ilimwingia kifuani, kwa kuwa alikuwa amelikumbatia gita lile na mti wake ulitetemeka juu ya mbavu zake. Alikuwa ameishi na mpiga gita miaka yote hiyo, na hakuwa ameshika gita hata siku moja.

"Umelegea huo," Gildo alisema.

Alishtuka. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoyasema tangu hospitalini.

"Upi?"

"Wa chini. Kaza. Siyo huko, mwanamke, huko unaulegeza zaidi."

Ndivyo ilivyoanza. Ercilia alimwagiza Chepe, dereva wa bodaboda, amletee nyuzi mpya kutoka mjini. Gildo alimwelekeza namna ya kuzifunga, kisha akampa sauti ya kila uzi kwa mdomo: anaguna sauti, mdomo umepinda, na yeye anakaza uzi hadi aifikie. Ercilia alijiambia kwamba ni dawa ya mgonjwa. Gildo huongea akipata cha kukosoa, basi acha akosoe. Ercilia akaanza kujifunza kodi moja, nyuzi kadhaa zikilia pamoja, halafu ya pili. Viganja vyake vilikuwa vigumu kwa panga na mwiko, lakini ncha za vidole zilikuwa laini, na nyuzi zilizikata. Usiku alizichovya kwenye maji ya chumvi.

"Unabonyeza kama unaua kunguni," Gildo alimwambia.

"Sasa nibonyeze vipi?"

"Kama unamkamata kuku unayempenda."

Jirani yake Nereida, ambaye walikua pamoja, alikuja na bakuli la supu, akamkuta na gita mapajani. Akasimama mlangoni.

"Ercilia. Marehemu baba yako akikuona, shoga yangu, atarudi kwa miguu kutoka makaburini."

"Arudi. Atanishikia paa lisivuje."

Walicheka wote, hata Gildo, kwa upande mmoja wa uso. Ercilia alicheka, kisha akaona aibu. Kwa sababu dawa ya mgonjwa ilikuwa imekoma kuwa dawa ya mgonjwa. Akiponda ndizi za asubuhi, vidole vya kushoto vilikuwa vinajipanga vyenyewe kwenye mchi. Kanisani, chini ya wimbo aliouimba maisha yake yote, alianza kusikia sauti nzito ya besi ikitembea, ikishuka, ikisubiri, na akashangaa kwamba ilikuwepo siku zote naye alipita juu yake tu. Alikuwa anaamka na hamu. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, anafanya haraka kufua ili akakae na gita. Na kila alipofurahi alijiona kama mtu anayekula chakula cha mgonjwa huku mgonjwa anamtazama. Raha hii ndiyo aliyomnyang'anya. Hapo mwanzo hakujua amechukua nini. Sasa alijua kwa vidole vyake mwenyewe.

Gildo alimfundisha solo moja, fupi, aliyoitunga mwenyewe enzi za baa. Ilimchukua Ercilia msimu mzima wa mavuno. Asubuhi moja, kakao imeanikwa nje, jua linaingia dirishani, aliipiga yote bila kukatika, hata pale inapopanda na kusita kidogo kabla ya kushuka.

Gildo aligeukia dirishani. Kisha akasema, "Nzuri, eh? Nilikuwa naiona nzuri. Lakini mtu hawezi kujipima mwenyewe. Ingekuwa nzuri kweli, yule bwana angekuja."

Ercilia aliliegemeza gita ukutani.

"Alikuja," alisema.

"Nani?"

"Nolasco. Alikuja na gari la buluu. Ulikuwa mlimani. Nikamwambia umeokoka, hupigi tena. Akarudi mara ya pili, nikamfukuza getini. Ukaniuliza kila siku, na kila siku nikakwambia hakuna mtu."

Alisema yote akiitazama sakafu. Alisubiri. Alikuwa amejiandaa kwa miaka kupokea matusi, na alitaka matusi, angalau yangekuwa kitu cha kushika. Alipoinua macho alimwona Gildo anamtazama, mdomo wazi, na machozi yanashuka upande mmoja kuelekea sikioni.

"Alikuja," Gildo alisema.

"Nisamehe."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Alisemaje? Sema maneno yake. Usipunguze."

"Alisema tangu akusikie hawezi kusikiliza mtu mwingine."

Gildo alifumba macho. Uso wake ulifanya jambo ambalo Ercilia hakulitegemea: ulifunguka. Ulikuwa uso wa yule kijana wa shati jeupe. Alikuwa amebeba miaka yote hiyo, bila kumwambia mtu, imani kwamba walimsikia vizuri na wakamwona hafai. Na sasa mzigo ule ulitoka kwa sentensi moja. Sentensi ambayo Ercilia angeweza kuisema siku yoyote, akikuna muhogo, akimkata nywele. Hilo ndilo lililomlemea kuliko kosa lenyewe. Kumbe hata baada ya kumnyima santuri, angeweza kumpa hili, na hakumpa.

Hasira ilikuja baadaye. Siku kadhaa Gildo hakumsemesha. Alikula kwa mkono wa Nereida, akakataa wa mkewe. Gita halikuguswa. Ercilia hakujitetea, alifua, akapika, akageuza kakao juani, akapita karibu na kitanda kama mtu wa kuajiriwa. Kisha asubuhi moja Gildo alisema kutoka dirishani, "Sehemu ile ya pili uliipiga haraka. Lete tuirudie," na kwa sauti yake haikujulikana kama amesamehe au amechoka.

Hakuwahi kusema neno la kusamehe. Alichofanya ni kusimulia. Kila mgeni aliyeingia, Chepe na nyuzi zake, mchungaji na Biblia yake, Yanelis na mumewe kutoka mji mkuu, alisimuliwa habari za Nolasco na gari la buluu.

"Alikuja hapa mwenyewe, na viatu vya kung'aa, tope hili hili. Huyu hapa akamfukuza kwa ufagio."

"Sikumfukuza kwa ufagio, Gildo. Nilikuwa nimeushika tu."

"Alimfukuza kwa ufagio. Mara mbili. Haya, Ercilia, mpigie asikie walichokikosa."

Naye alipiga. Wageni walicheka, wakamtazama, wengine kwa mzaha na wengine kwa kumpima, na mchungaji aliwahi kuinamisha kichwa kama anayesikia maungamo yasiyomhusu. Ercilia hakuwahi kukataa. Gildo alirekebisha kila noti, mbele ya watu, bila kumwonea haya, na mkewe alipopatia, alitikisa kidole kimoja cha mkono wa kulia juu ya shuka.

Alifariki wakati wa mvua, miaka michache baadaye. Katika siku za maombolezo watu walikuja na kahawa na viti, na wanaume wa baa ya zamani, waliobaki, walimwomba Ercilia apige. Alipiga solo ile. Mmoja wao alimwambia ana mkono mzuri, kwamba ni hasara hakuanza mapema. Ercilia alimshukuru, akamuuliza kama kahawa yake ina sukari ya kutosha, akaenda jikoni kuongeza maji kwenye birika.