Wifi Yangu Yuko Mahabusu kwa Kuniokoa, na Wanataka Nirudi kwa Mume

Admin naomba unifichie jina, ndugu wa mume wangu wanasoma humu.

Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, Mgogo, naishi Chamazi. Nimeolewa, bado sijajaliwa mtoto. Nafanya kazi kwenye duka la waini Mikocheni. Msimu wa zabibu tunapeleka wateja Dodoma kuonja waini mashambani, na mie ndo nawaongoza maana nimekulia kwenye mizabibu. Watu wa Dar wengi wanajua ile tamu ya harusini tu, au divai ya kanisani. Nikiwamiminia nyekundu kavu, isiyo na utamu, ya zabibu zetu za Makutupora wanakunja uso kwanza, halafu wanaomba tena. Jamani naipendaga hiyo kazi. Na mie simezi. Naizungusha mdomoni, natema kwenye ndoo.

Mume wangu hajawahi kuamini. Nikirudi ananinusa mdomo. "Umelala na nani huko?" Kofi. Nilikuwa najipaka poda naenda kazini.

Safari ya mwisho mteja mmoja, mzee mstaafu, aliweka status picha ya kikundi, kaniwekea mkono begani. Mume wangu akaonyeshwa. Nimefika nyumbani Jumapili mchana, hata begi sijatua, akanikamata nywele akanigonga uso kwenye fremu ya mlango. Nilisikia pua inavunjika. Nikaanguka, akanishukia na mateke ya mbavu. "Si unajua kutema? Leo utatema damu!" Kisha akanikalia kifuani, akanikaba shingo kwa mikono miwili mpaka macho yakaanza kuingia giza.

Wifi yangu, mdogo wake wa mwisho, tunaishi naye, yuko chuo. Alikuwa anafua uani. Akaja mbio anamvuta shati: "Kaka muache, unaua!" Akapigwa kiwiko cha mdomo. Kwenye begi langu kulikuwa na chupa za waini. Akachukua moja, akampiga nayo kichwani, ikapasuka. Mume wangu akaniachia, akamrukia. Wifi bado alikuwa ameshika shingo ya ile chupa.

Jicho la kushoto la mume wangu halipo tena.

Mume wangu kawaambia polisi kwamba hakunigusa, eti tulimvamia wote wawili. Mie nimeeleza ukweli, lakini wifi yuko mahabusu mpaka leo. Mie niko kwa dada yangu Mwenge. Pua imepona vibaya, harufu siisikii kabisa. Waini naonja kama maji.

Juzi mama mkwe kaja. Nikamwambia shikamoo, akaangua kilio.

"Mwanangu, wote wawili nimewazaa mie. Mwenzio amesema atabadilisha maelezo, atasema alianguka na chupa. Ila urudi kwako, na hiyo kazi ya pombe uiache."

"Mama, aliniua yule, basi tu Mungu."

"Najua. Ila binti yangu atafungwa."

Nikaenda kumwona wifi. Kakonda, mdomo una kovu. Nikamwambia sharti la kaka yake. Akanishika mkono kwa nguvu. "Wifi, ukirudi kwa yule mtu kwa ajili yangu, sitakusamehe."

Nimetoka pale nalia barabarani kama mtoto.

Ndugu zangu, nikirudi ataniua, hilo sina shaka nalo. Nisiporudi, binti aliyenitoa mikononi mwake ataozea jela. Mwenye kujua sheria, mwenye kujua njia, niambieni. Ningekuwa dada yenu, mngenituma wapi?