Kadi ya Maman Nsimire ilisema uongo, na mimi nikaifunika

Admin, jina yangu na ya kazi yangu uziache kando, Bukavu tunajuana sana. Niko mwanamuke wa miaka makumi mbili na tisa, sijaolewa, nilisoma informatique, mambo ya kompyuta, hapa hapa. Baba alikufa nikiwa bado mu secondaire. Mwenye alinisomesha ni tonton, mujomba wangu, mudogo wa mama, na ni yeye alinipa kazi ku polyclinique yenye anaongoza. Mukitaka kunihukumu, mujue kwanza nilikuwa nakula kwa mukono wa nani.

Tulianza kupatia wagonjwa kadi ya puce, ni kusema kadi yenye chip kadogo. Mu ile puce munaandikwa jina, groupe ya damu, na dawa zenye mutu hawezi kuvumilia. Infirmière, muuguzi, anaingiza kadi mu kamashini kadogo, anasoma, anajua cha kufanya. Watu walifurahi, walizitembeza mu sacoche kama carte d'électeur ya kupigia kura.

Asubui moja Maman Nsimire, muuzaji wa samaki sambaza ku soko ya Kadutu, akaletwa mu bureau yangu juu kadi yake ilikataa ku réception. Niko na programme moja haina picha wala bouton. Unaandika amri ku clavier, kadi inajibu kwa maandishi. Amri moja inakuonyesha vyenye viko ndani, ingine inafungua, ingine inaandika. Nikafungua kadi yake kipande kwa kipande. Pa allergie paliandikwa AUCUNE, maana yake hakuna. Nikamuuliza kama iko kweli. Akacheka, akaniambia dawa ya pénicilline ilitaka kumuua akiwa binti, na kwamba alilisema siku ya kujiandikisha.

Nikamuambia, "Iko sawa, maman, uende tu." Nilisema vile juu nilitaka kumuuliza tonton kwanza. Kuitengeneza ilikuwa neno moja tu la kuandika, na code ya kufungua kadi nilikuwa nayo.

Akitoka, nikajaribu kadi zingine zenye zilikuwa ku bureau. Zote AUCUNE. Ordinateur, ile kompyuta ya kuandikisha wagonjwa, ilikuwa inaonyesha kwamba imeandika, kumbe ku puce hakukuwa kunafika kitu. Nikahifazi majibu ya kila kadi, na ya Maman Nsimire pia, pamoja na tarehe, nikapanda kwa tonton. Akanisikiliza vizuri, akasema wageni wenye walitupatia zile mashini wanafika alhamisi, nisiguse kadi hata moja mpaka waende, na nisiambie mutu. Nikakubali.

Maman Nsimire akarudishwa juma tano, na homa kali, hata kusema hawezi. Binti yake akatoa kadi. Infirmière wa ile siku alikuwa Furaha, rafiki yangu wa kweli ku ile kazi, mwenye mimba ya miezi saba. Akasoma kadi, akapiga sindano ya pénicilline. Mbele ya saa sita mama alikuwa amekufa.

Tonton akaniita. Kadi ilikuwa juu ya meza. Alisema bila kupandisha sauti, "Andika pénicilline mu iyi kadi."

Nikamuuliza, "Na Furaha, tonton?"

"Furaha atapata kazi kwingine. Polyclinique ikifungwa, wewe na mama yako mutaenda wapi?"

Ndugu zangu, niliandika. Sitasema nililazimishwa, hakunishika mukono. Amri mbili, na puce ikajibu kwamba imepokea. Ile puce yetu haikumbuki nani aliandika wala saa gani.

Kisha kadi ikasomwa mbele ya familia ya marehemu. Ikaonyesha pénicilline. Furaha akasema alisoma AUCUNE, akaapa juu ya mutoto mwenye alikuwa naye tumboni. Binti wa marehemu hakulia, hakutukana. Alimuuliza tu polepole, "Wewe, unajua kusoma?" Mimi nilikuwa nimesimama ku mulango na lecteur, kale kamashini ka kusoma kadi, mu mukono. Furaha akafukuzwa ile ile siku. Wageni wakafika kesho yake, wakapiga picha na kadi, wakaondoka, na tonton akaniruhusu kutengeneza zilizobaki. Nikazitengeneza zote kimya kimya.

Sasa Furaha amezaa. Anakaa kwa mama yake, na kuko majirani wenye wanaficha watoto akipita. Nilienda kumuangalia wiki iliyopita. Nilizani atanieleza tena vile alionewa. Hapana. Alinyonyesha mutoto, akaniambia amewaza sana, labda ni yeye alisoma vibaya, labda macho ilikuwa imechoka na mimba. Anaombea Maman Nsimire kila siku, na anaomba asamehewe. Nilikaa pale ninamusikia akitubu zambi yangu, nikakunywa chai yake.

Kisha akaniomba nikuwe marraine, mama wa ubatizo wa mutoto. Alisema ku wote wa kazini, ni mimi peke niliendelea kumupenda. Batême, kubatizwa kwake, iko siku ya Mungu, juma pili hii.

Nilifungulia mama yangu roho. Akalia, akasema tonton alifanya mubaya, lakini nikimusema atafungwa, na watoto wake wane watakula nini, na mimi mwenyewe nitafungwa pamoja naye. Akaniambia nikuwe marraine muzuri, nimusaidie yule mutoto maisha yake yote, Mungu ataelewa. Tonton naye ananisalimia kama zamani, hata ameniongezea cheo. Kila mara akinipa mukono ninamuchukia, na kisha ninajichukia zaidi.

Majibu ya kadi ya ile asubui ya kwanza ningali nayo. Tonton hajui. Nikiionyesha, Furaha atajua hakukosea, na binti wa Maman Nsimire atajua nani wa kuuliza. Nikinyamaza, siku ya Mungu padri ataniuliza mbele ya kanisa kama ninamukataa Shetani, na nitajibu ndiyo huku nimebeba mutoto wa Furaha.

Wenye muko na roho ya kunijibu, munijibu mbele ya ile siku. Nianzie wapi: kwa Furaha, kwa ile familia, ao nibaki vile mama anasema?