Faili Mbili za Tufail

Hapa Multan, Pakistan, siku hizi watu hawanunui nyumba, wananunua faili. Ni karatasi chache ndani ya jalada la plastiki zinazosema kwamba katika mtaa fulani, utakaojengwa siku fulani, una kiwanja chako. Namba ya kiwanja huja baadaye, kwa kura. Tufail alikagua tiketi za treni miaka thelathini na minne, akiwacheka wanunuzi wa faili. Hakuwa mjinga. Nalisema hilo mapema kwa sababu sasa ndivyo wanavyomwita.

Alipostaafu alipewa kiinua mgongo, na miezi sita ya kuhama nyumba ya reli. Fedha zile zilitosha kununua vyumba viwili uchochoroni, nyuma ya soko la nguo. Kaneez, mkewe, aliviona akavipenda. Ndipo dalali Waqas akaingilia kati. Kwa nini ununue vyumba vilivyochoka, alimuuliza Tufail, na fedha hizo hizo ni malipo ya kwanza ya viwanja viwili? Kura ikishapigwa, uza kimoja kwa bei maradufu, ujenge kwenye cha pili, ghorofa ya juu upangishe. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Fedha zilipopungua kidogo kwa faili ya pili, Kaneez alivua bangili zake za harusi mwenyewe, bila kuombwa. Hilo ndilo linaloniuma mimi.

Mwezi wa tano kura ikapigwa. Faili moja haikupata kitu. Ya pili ilipata kiwanja namba 1147. Tufail alivaa koti lake la kazi, akapanda basi kwenda kukiona. Alikuta shamba la pamba. Mkulima aliyekuwa akimwagilia aliitazama ramani yake, akamkaribisha akae.

"Ami, kampuni haijanunua hata tuta moja hapa. Baba hakuuza, nami siuzi."

"Labda watakuja kununua."

"Labda. Ila wewe ni wa nne kuja na namba hiyo."

Waqas alipoambiwa hakubadilika hata uso. Alimfundisha Tufail kwamba faili si kiwanja, faili ni bidhaa: amtafute wa kumuuzia kabla habari hazijaenea. Na wa kumuuzia alikuwepo. Barkat, mwenzake wa treni, alikuwa amestaafu majuzi na kiinua mgongo chake kilikuwa kinamuwasha mfukoni. Fedha za Barkat zingetosha kumnunulia Kaneez vile vyumba viwili, maana vilikuwa bado havijauzwa. Tufail alikaa siku tatu akilipima hilo. Siku ya nne Barkat mwenyewe akaja barazani.

"Kaka, niuzie moja. Unazo mbili, usiwe mchoyo."

"Usinunue, Barkat. Kule ni pamba tupu."

"Nilijua utasema hivyo. Mtu akishauonja utamu, hataki mwenzake aukaribie."

"Nenda ukaone kwa macho yako."

"Wewe ulikwenda kuona kabla ya kununua?"

Barkat akavaa viatu vyake akaondoka.

Wiki ya mwisho Kaneez alikuwa akifunga vyombo. Walikuwa wanahamia kwa dada yake, chumba cha juu kilichokuwa cha kuku. Vile vyumba viwili vya uchochoroni vilikuwa vimekwisha kupata mwenyewe. Barkat akaingia na boksi la vitamutamu vya laddu, uso umemkunjuka, kinyongo chote kimekwisha. Alikuwa ametoka kwa Waqas. Amenunua faili tatu, na fedha zote zimeingia humo, hata za harusi ya binti yake. Alichukua laddu moja, akamlisha Tufail kwa mkono wake, kama inavyofanywa kwa mtu wa karibu siku ya furaha.

Kaneez alisimama mlangoni na sufuria mkononi. Tufail alitafuna taratibu, akameza.

"Hongera, ndugu yangu," alisema.