Nilipokosea Nyumba Buruburu

Wiki niliyofika Nairobi kutoka Tanga, shangazi alinituma nyanya sokoni Jericho. Niliporudi Buruburu, nyumba zote zilikuwa na sura moja. Nikasukuma geti nililodhani ni letu, nikaingia.

Sebuleni alikaa mama mmoja mtu mzima. Nikadhani ni mgeni wa shangazi.

“Shikamoo, mama.”

Akanitazama kidogo. “Marahaba, mtoto wangu. Karibu.”

Nilipitiliza jikoni kuweka nyanya, na hapo ndipo nilipoona sufuria si zetu. Nikarudi sebuleni kuomba radhi, nikamkuta anamimina chai.

“Nilijua umepotea tangu ulipoingia,” alisema. “Lakini kwetu magharibi mwa Kenya, mgeni haulizwi kitu kabla hajanywa chai.”

Nikanywa. Kisha akaniuliza jina la shangazi, akajifunga leso, akanisindikiza mpaka kwa shangazi, ambaye alicheka hadi akakaa chini.

Mimi sikucheka. Nyumbani nilikuwa nimeonywa kwamba Nairobi mtu usimwamini. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mwenyeji naye hulazimika kuamua, anapomwona mtu asiyemjua akiingia kwake, kama atamwamini.