Milioni Yangu na Kidongo cha Zuhura

Asubuhi, kabla mashine hazijaanza kunguruma, vijana wangu humwagia maji lundo la udongo pale uwanjani kwangu Mbezi, na harufu inayoinuka ni ile ile ya utotoni. Mie ni mtu wa matofali na vigae. Ukiona nyumba ya kuringia kati ya Kimara na Mbezi Luis, uliza kwanza vigae vyake vimetoka kwa nani, halafu njoo unisalimie. Shule niliishia darasa la saba, sifichi. Lakini harufu ile ikinifika puani, ubosi wote unayeyuka, narudi kuwa Hamisi wa Vingunguti, kaptula imeshikwa na pini, moyo unaniungua kwa wivu.

Wivu wenyewe ulihusu kabati.

Sebuleni kwetu palikuwa na kabati la vioo. Mle mama alipanga vikombe ambavyo hakuna aliyewahi kuvinywea, birika la wageni ambao hawakuwahi kufika, na vitambaa alivyofuma kwa mkono wake. Kitu kikiingia mle, kimepata cheo. Mie sikuwahi kuingiza hata kijiti. Nilishinda kikombe cha plastiki kwenye mbio za magunia, nikampelekea mama mbio mbio; akakisifu sana, kisha akakifanya cha kuchotea maji ya mtungi.

Basi siku moja Mwalimu Komba, mtu wa Songea mwenye sauti ya kwaya, akaingia darasani akatuonyesha mlango. Juu yake palichorwa VI.

"Hizo ni namba za Warumi," akasema. "Kila siku mnapita chini yake kama ng'ombe, hamjui hata mmeandikiwa nini."

Tulicheka, maana ng'ombe tuliwajua. Walipita mbele ya shule wakielekea machinjioni, na upepo ukigeuka, harufu ya huko ilikaa nasi darasani kama mwanafunzi mtoro aliyerudi.

Akatuambia watu wa Babeli waliandika kwa kukandamiza ncha ya tete kwenye udongo mbichi, na kwamba walihesabu kwa sitini sitini, ndiyo maana saa ina dakika sitini. Halafu akachora namba za Misri ya kale. Moja ni kijiti. Kumi ni upinde. Mia ni kamba iliyojikunja. Elfu ni ua la yungiyungi. Laki ni kiluwiluwi, wale wale waliokuwa wamejaa kwenye mitaro yetu, nikaona kumbe tumezungukwa na utajiri! Na milioni? Milioni ni mtu amepiga magoti, mikono juu, kama aliyeshangazwa na ukubwa wa hesabu.

Yule mtu nilimpenda papo hapo.

Mwalimu akatuagiza tuandike kwenye udongo, kwa namba za Misri, hesabu ya kitu chochote cha nyumbani. Aliyeleta udongo ni nani? Mie. Nilishuka bonde la Msimbazi, nikachimba ule mweusi unaonata, nikabeba gunia kichwani hadi shule. Darasa zima lilikata tonge kwangu. Zuhura naye.

Zuhura alikuwa mtoto wa mama mdogo, mdogo wake mama yangu. Mama mdogo alipofariki, Zuhura akaletwa kwetu. Akapewa kitanda changu, mie nikahamia mkekani. Akipika chai, mama anasema, "Mkono huo ni wa mdogo wangu mtupu." Mie nikipika chai, mama anauliza sukari imekwenda wapi.

Nikatengeneza kigae kikubwa kama sinia, nikakijaza watu wa kupiga magoti hadi pembeni wakawa wanakanyagana. Zuhura alifinyanga kidongo kama kipande cha sabuni. Akachora pinde mbili na vijiti saba. Basi!

Nikafika nyumbani wa kwanza.

"Mama, hizi ni milioni!"

Mama alikuwa anachambua mchele. Akatazama sana, akauliza, "Milioni za nini, mwanangu?"

Milioni ni milioni, za nini tena?

Zuhura akaingia, akatoa chake kwenye kitambaa. "Shikamoo, mama mkubwa. Hii ni miaka ya mama." Mama akaacha mchele. Akakishika kwa mikono miwili, akahesabu zile pinde kwa kidole huku akielekezwa, kisha akasema vikauke vyote kwanza, ndipo vitafutiwe mahali.

Nikajisemea, huyu anatafuta huruma. Na anaitafuta kwa udongo wangu! Nikaamua changu kikauke kabla ya chake. Jikoni maharage yalikuwa yanachemka. Nikakitia kigae kibichi katikati ya makaa, chini ya sufuria, nikakaa nasubiri cheo.

Nyie mliowahi kuchoma udongo mbichi mmeshajua. Ukatoka mlio kama wa baruti. Sufuria ikaruka, majivu yakatapakaa, watu wangu wa kupiga magoti wakatawanyika jiko zima.

"Hamisi," Zuhura akasema toka mlangoni, "hesabu tena, naona zimepungua."

Mama alicheka hadi akakaa chini. Tulikula maharage yenye mchanga, na kila tulipotafuna kitu kigumu mama alisema, "Hii laki, hii." Jioni ile ile kidongo cha Zuhura kiliwekwa dirishani. Kilipokauka kikaingia kabatini, rafu ya juu.

Mwaka jana nilimnunulia mama kabati jipya, la mninga, milango mitatu, lilibebwa na watu wanne wakitukana. Kitu cha kwanza kuhamia ndani kilikuwa kile kidongo. Nikashindwa kuvumilia. "Mama, hako hakajachoka tu? Vigae vyangu viko kwenye maghorofa!"

Mama akakifuta vumbi kwa upande wa khanga. "Mdogo wangu hakuwahi kupigwa picha," akasema. "Hata moja. Sasa nikitupa hiki, nitakuwa namtazama wapi?"

Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Getini kwangu Kimara yupo yule mtu wa magoti, wa saruji, mikono juu. Wageni huuliza kama anaomba dua. Nawaambia ni milioni, wanacheka, na hakuna aliyewahi kuniuliza za nini.

Juzi nikawafukuza vijana kwenye lundo, nikakata tonge mwenyewe. Nikachora pinde saba na vijiti viwili. Nikakausha kivulini, taratibu, kama inavyotakiwa, nikampelekea mama.

Akahesabu kwa kidole, bila kuelekezwa na mtu. "Ndiye mie huyu?"

"Ndiye wewe, mama."

"Umenizeesha! Nani kakwambia nimefika huko?"

Akakiweka rafu ya chini, nyuma ya birika la wageni. Ukitaka kukiona lazima upige magoti. Lakini kimo mle.